Chumvi ya Katwe na njia za neva: ubongo wa mtoto hujengwaje tumboni?

Wilaya ya Kasese ina chumvi yake yenyewe. Ziwa Katwe, lililolala ndani ya kasoko ya volkano kusini mwa mji wa Kasese, limewapa chumvi watu wa pande zote mbili za mpaka, Uganda na Kongo, tangu kabla ya ukoloni. Hata hivyo, chumvi ambayo sheria ya Uganda inataka iuzwe kwa chakula ni ile iliyotiwa madini joto, yaani iodini, na nyingi ya hiyo hutoka pwani ya Kenya, ikisafiri zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kufika dukani Bugoye au Bwera. Mzazi huambiwa kwamba bila chumvi hiyo mtoto atakosa akili. Haambiwi kwa nini.

Pengo hilo limejazwa na maelezo yanayopingana. Wako wanaoamini kwamba iodini humwongezea akili mtoto aliyekwisha kuanza shule, kwa hiyo wanaihesabu kama chakula cha mtihani. Wako wanaosema kazi yake ni kuzuia rovu tu, na kwa kuwa shingo zilizovimba zimepungua, haina haja tena. Wengine wanaiona kuwa dawa ya kiwandani iliyoletwa kuua soko la chumvi ya Katwe. Kila msimamo una sehemu ya ukweli, lakini wote watatu wanatazama mahali pasipo penyewe. Wanatazama shingo, darasa na soko. Jambo lenyewe hutokea tumboni, katika miezi ambayo mama pengine hajajua kuwa ana mimba, na sehemu kubwa ya jambo hilo hutokea katika nafasi iliyo kati ya seli na seli, mahali ambapo hata vitabu vya shule havipagusi.

Mlima, mvua na chumvi

Iodini nyingi ya dunia iko baharini. Hupanda angani, hurudi ardhini kwa mvua, na mimea huichukua kutoka kwenye udongo. Milimani mzunguko huo hukatika, kwa sababu mvua kubwa, barafu na mafuriko huosha udongo wa juu na kuuteremsha mabondeni. Rwenzori ni mfano kamili. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, miteremko yake ni mikali, na mito ya Mubuku na Nyamwamba ikifurika, kama ilivyofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, huchukua udongo pamoja na nyumba na madaraja. Mazao ya udongo uliooshwa hivyo huwa na iodini haba hata yawe mengi kiasi gani. Mtu anaweza kushiba vizuri Bugoye, kwa matoke, maharage na obundu, yaani ugali wa muhogo, akakosa kitu kimoja asichokiona wala kukionja.

Dalili ya zamani ya upungufu huo ni rovu. Uchunguzi wa mwaka 1991 ulikuta rovu, kubwa au dogo la kugusa kwa vidole tu, kwa takriban asilimia 74 ya watoto wa shule waliopimwa nchini Uganda. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ililazimisha chumvi yote ya chakula itiwe iodini. Vipimo vya mwaka 1999 vilileta matokeo yaliyowachanganya wengi: mkojo wa watoto ulionyesha iodini ya kutosha, hata kuzidi, lakini rovu lilikuwa bado kwa asilimia 60 hivi. Mtu akisoma takwimu hizo juu juu atasema chumvi haikusaidia kitu. Ukweli ni kwamba vipimo hivyo viwili vinapima nyakati mbili tofauti. Mkojo unaeleza juma lililopita, na tezi iliyovimba kwa miaka haisinyai kwa msimu mmoja. Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba shingo ndiyo inayotuhusu kwanza.

Sasa Katwe. Ziwa hili halina mto wa kutokea. Jua hunyonya maji na chumvi hubaki. Wanaume huingia majini, huvunja kwa mitaimbo mwamba wa chumvi ulioganda chini, na kuuvuta ufukweni juu ya magogo yaliyofungwa pamoja. Kandokando kuna vidimbwi vya watu binafsi na familia, vimetenganishwa kwa kingo za tope na miti. Humo maji hukauka polepole wakati wa kiangazi, tabaka jeupe hukwanguliwa kwa ajili ya chakula, na chumvi ya mawe yenye magadi huenda kwa ng'ombe. Kila kidimbwi kina mwenyewe, kila gunia lina mnunuzi wake, na malori huelekea huku na huku, mengine Mpondwe mpakani na kuvuka hadi Kasindi, Kongo. Hakuna lango moja ambalo chumvi yote hupita. Kiwanda kilichojengwa na Wajerumani, ambacho kingeweza kuwa lango hilo, kilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu mara tu kilipoanza, kwa kuwa maji makali ya ziwa yaliyala mabomba yake. Iodini hutiwa kwa kunyunyizia chumvi dawa iitwayo potasiamu iodeti kwa kipimo kidogo sana na kwa usawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 ulipendekeza miligramu 20 hadi 40 za iodini kwa kilo ya chumvi. Kwenye kiwanda kikubwa cha pwani ya Kenya mashine moja inatosha. Katwe, kazi hiyo ingepaswa kufanywa penye mamia ya vidimbwi. Hiyo ndiyo sababu ya msingi kwa nini chumvi ya jirani iko nyuma ya chumvi ya mbali, na haina uhusiano wowote na ubora wa ziwa au uaminifu wa wachimbaji.

Kilichomo kati ya seli

Tumezoea kuufikiria ubongo kuwa ni seli za neva na nyuzi zake. Lakini kwa mtu mzima, karibu asilimia 20 ya ujazo wa ubongo iko nje ya seli, na kwa mtoto anayekua tumboni sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Nafasi hiyo haiko tupu. Imejaa maji, sukari ndefu na protini zilizofumana, na wataalamu huuita mfumo huo matriksi. Seli zenyewe ndizo zinazoitoa, kisha zinaishi ndani yake na kuongozwa nayo.

Ili kuona kazi yake, itazame ncha ya uzi wa neva unaokua. Santiago Ramón y Cajal aliieleza mwaka 1890 alipochunguza kijusi cha kuku. Ncha hiyo imetanuka na kutoa vinyweleo vyembamba vinavyojinyoosha, vinagusa, vinajirudisha, vinagusa tena. Vikigusa protini inayokubalika, vipokezi viitwavyo integrini vilivyo kwenye ngozi ya seli huishika, kiunzi cha ndani ya seli hujivuta juu ya mshiko huo, na uzi husonga mbele. Vikigusa kitu kinachokataza, upande ule husinyaa na uzi hugeuka. Ubongo mzima hujengwa kwa maamuzi madogo kama hayo, yakirudiwa na mabilioni ya seli.

Protini inayojulikana zaidi kwa kukubali ni laminini, iliyotambuliwa mwaka 1979. Ina minyororo mitatu iliyoshikamana kwa umbo la msalaba. Neva zikioteshwa maabara juu ya kioo kilichopakwa laminini, hurefuka haraka. Juu ya kioo kitupu hudumaa. Ndani ya mwili, laminini ni sehemu kuu ya utando mwembamba unaofunika uso wa ubongo. Utando huo ukiwa na udhaifu, seli zinazopanda kutoka ndani hupita mpaka wao na kumwagika juu, na uso wa ubongo huota vinundu badala ya mikunjo. Ugonjwa wa Fukuyama, unaojulikana hasa Japani, ni wa aina hiyo: kasoro iko katika namna seli zinavyojishikiza kwenye matriksi, na mtoto huzaliwa na udhaifu wa misuli pamoja na ubongo ulioharibika.

Upande wa kukataza kuna proteoglikani, yaani protini zilizobeba sukari ya kondroitini. Hizi huzuia nyuzi zisiingie mahali pasipo pao, na baadaye utotoni huzizungushia baadhi ya seli wavu unaoimarisha miunganiko iliyokwisha kufanyika. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba kuyeyusha sukari hiyo kwa kimeng'enya kulirudishia ubongo wa panya aliyekomaa uwezo wa kujipanga upya ambao kwa kawaida hupotea utotoni. Wavu huo, basi, ni ulinzi na pia ni kufuli.

Protini nyingine ya matriksi, rilini, inastahili nafasi ya pekee. Mwaka 1951, huko Edinburgh, D. S. Falconer aliandika kuhusu panya waliokuwa wakipepesuka na kuanguka wanapotembea. Jeni yao iliyoharibika ilijulikana mwaka 1995, na protini inayotengenezwa na jeni hiyo ndiyo rilini. Hutolewa na seli chache zilizo ukingoni kabisa mwa gamba la ubongo, na huenea kwenye matriksi. Kwa kawaida gamba hujengwa kutoka ndani kwenda nje, yaani seli zinazozaliwa baadaye huzipita zile za mwanzo na kukaa juu yao. Bila rilini mpangilio huo hupinduka: wa mwisho hukwama chini ya wa kwanza. Mwaka 2000 kasoro ya jeni hiyo ilionyeshwa kwa binadamu pia, kwa watoto waliozaliwa na ubongo usio na mikunjo ya kutosha na serebelamu, sehemu ya nyuma ya ubongo, iliyo ndogo.

Njia, ishara au ugumu?

Kwamba matriksi ina kazi, hakuna anayebisha. Ugomvi uko katika namna inavyofanya kazi, na misimamo ni mitatu.

Wa kwanza ni wa zamani: matriksi ni njia tu. Paul Weiss, katika miaka ya 1930, alishikilia kwamba nyuzi za neva hufuata mifereji na michirizi ya mahali zinapopita. Nguvu ya msimamo huu ni kwamba ni rahisi kuuthibitisha maabara. Udhaifu wake ni kwamba haujibu kwa nini nyuzi mbili zilizo kwenye njia moja huachana na kwenda pande mbili tofauti, kila moja mahali pake, bila kukosea.

Swali hilo ndilo lililozaa msimamo wa pili, ambao Roger Sperry aliupa umbo kamili mwaka 1963: kila eneo lina alama zake za kikemikali, na kila uzi una vipokezi vya kuzisoma. Kwa mtazamo huu rilini ni agizo. Kwa miaka mingi ilielezwa kuwa agizo la kusimama: seli inapanda, inafika inakotoka rilini, inasimama. Maelezo hayo yanaeleweka kwa urahisi, na pengine ndiyo sababu yalipendwa. Lakini mwaka 2002 maabara ya Tom Curran iliwafanya panya wasio na rilini waitoe mahali pasipo pake, chini kabisa, na bado sehemu ya mpangilio ikarekebika. Kama rilini ingekuwa ukuta wa kusimamisha, kuiweka chini kungevuruga zaidi. Inaelekea basi kwamba rilini huibadilisha seli yenyewe, huifanya iwe tayari kuachia mshiko na kukaa katika tabaka lake. Mahali ilipo si kila kitu.

Msimamo wa tatu ni mpya zaidi: matriksi huongoza kwa ugumu na ulaini wake. Mwaka 2016 kundi la Kristian Franze, lililofanya kazi Cambridge, lilipima ubongo wa vijusi vya chura na kukuta nyuzi za jicho zikipinda kuelekea tishu laini. Walipobadilisha ugumu wa tishu, nyuzi zilipotea njia. Ushahidi huu ni mzuri, ingawa ni wa chura, na ni vigumu kubadilisha ugumu wa tishu bila kugusa kemia yake.

Kwa maoni yangu msimamo wa pili ndio wenye nguvu zaidi, mradi usichukuliwe kwamba kila protini ina maana moja isiyobadilika. Protini ile ile inayovutia uzi mmoja inaweza kuufukuza mwingine, kutegemea hali ya ndani ya uzi huo. Na hali hiyo ya ndani ndiyo inayoguswa na homoni. Hapo ndipo tunarudi Kasese.

Tezi inapoingilia

Iodini ina kazi moja kubwa mwilini: kutengeneza homoni za tezi ya thairoidi. Mtoto tumboni hawezi kujitengenezea homoni hizo za kutosha mpaka karibu nusu ya mimba. Kabla ya hapo hutegemea za mama. Miezi hiyo ya utegemezi ndiyo miezi ambayo seli za gamba la ubongo zinahama kutoka zinakozaliwa kwenda zitakakokaa.

Mwaka 1999 watafiti wa Hispania walionyesha kwamba panya wanaozaliwa na upungufu wa homoni ya tezi hutoa rilini kidogo kuliko kawaida katika ubongo. Kabla ya hapo, Alan Farwell na Jack Leonard huko Massachusetts walikuwa wamefuatilia upande wa laminini. Waligundua kwamba homoni ya tezi huwezesha kiunzi cha ndani cha astrosaiti, seli zinazotunza neva, kujipanga. Bila kiunzi hicho integrini hazishiki vizuri, na laminini haikai juu ya seli kama inavyotakiwa. Katika serebelamu ya panya wenye upungufu, laminini huchelewa kutandazwa, seli zilizopaswa kuhama hukawia juu, na matawi ya neva kubwa hubaki mafupi.

Hatua mbili zilizofuata zilisogeza ushahidi karibu na maisha ya kawaida. Mwaka 2003 watoto wa panya waliolishwa chakula chenye iodini haba walionekana kuwa na seli zilizotawanyika, matabaka ya gamba yakiwa hayana mipaka iliyo wazi. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba upungufu mdogo wa homoni kwa mama, wa siku 3 tu mwanzoni mwa ujenzi wa gamba, ulitosha kuziacha seli mahali pasipo pao. Homoni ikirudishwa mapema, madhara yalizuilika. Ikirudishwa siku chache baadaye, hayakuzuilika.

Wapo wanaopinga kuipa matriksi uzito huu wote. Wanasema, kwa haki, kwamba homoni ya tezi huingia ndani ya kiini cha seli na kuwasha au kuzima jeni nyingi mno, zikiwemo za kutengeneza mafuta yanayofunika nyuzi za neva. Rilini na laminini ni vitu viwili tu katika orodha ndefu. Hoja hiyo ni sahihi, na inatuzuia kusema kwamba upungufu wa iodini ni ugonjwa wa matriksi. Lakini mafuta ya nyuzi yanaweza kuchelewa, kisha yakaja. Seli iliyokaa tabaka lisilo lake haihami tena, kwa sababu njia iliyopaswa kuifuata imekwisha kufungwa na matriksi imebadilika kuwa ya kuzuia. Kwa hiyo, hata kama matriksi si madhara yote, ndiyo inayoeleza kwa nini madhara fulani hayaponyeki.

Kutoka kwa panya hadi kwa binadamu

Ushahidi mzito kuliko wote wa binadamu unakubaliana na hesabu hiyo ya wakati. Mwaka 1966, katika bonde la Jimi nchini Papua New Guinea, Peter Pharoah na wenzake waliwachoma sindano ya mafuta yenye iodini wanawake wa baadhi ya familia, na wa familia nyingine sindano ya maji ya chumvi. Kati ya watoto waliozaliwa, wenye ulemavu mzito wa akili na mwili unaotokana na upungufu wa iodini walikuwa 26 upande wa maji na 7 upande wa mafuta. Kati ya hao 7, mama 6 walikuwa wajawazito tayari walipochomwa sindano. Iodini ilikuwa nzuri. Ilichelewa.

Karibu zaidi nasi kuna kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, ambako watafiti wa Kibelgiji walianza kazi katika miaka ya 1960. Kaskazini mwa kisiwa rovu lilikuwa limeenea. Kusini-magharibi lilikuwa haba, ingawa iodini waliyopata watu ilikuwa haba pande zote mbili. Tofauti ilifuatwa hadi kwenye muhogo. Muhogo usioandaliwa vizuri hubeba sayanaidi, mwili huigeuza kuwa thiosayaneti, na hiyo huizuia tezi kuchukua iodini. Somo hilo linaihusu Kasese moja kwa moja, kwa kuwa obundu ni chakula cha kila siku cha Wakonzo. Muhogo ulioloweshwa, ukachachuka na kukaushwa vizuri hupoteza sehemu kubwa ya sumu. Njaa ikibana na watu wakafupisha kuloweka, upungufu mdogo wa iodini hugeuka kuwa mkubwa bila kitu kingine chochote kubadilika.

Ushahidi huwa mgumu zaidi upungufu unapokuwa wa kadiri. Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya 25 kati ya 1986 na 1995. Mwaka 2009 Erica Field na wenzake walikadiria kwamba watoto waliokingwa tumboni walisoma zaidi kwa kati ya theluthi na nusu ya mwaka, na wasichana walifaidika kuliko wavulana, jambo linaloafikiana na wanyama wa maabara. Matokeo hayo yalisifiwa sana. Kisha watafiti wengine wakazirudia hesabu zile zile na kuona kwamba matokeo yanalegea mno yakiguswa kidogo. Uingereza, mwaka 2013, watoto wa mama waliokuwa na iodini haba kidogo walionekana kuwa na alama za chini za akili. Lakini jaribio la India na Thailand, lililochapishwa mwaka 2017, liliwapa wajawazito wenye upungufu mdogo vidonge vya iodini na halikuona tofauti kwa watoto wao walipofika miaka 5 na 6.

Nikiupima ushahidi huu, naona hivi. Upungufu mkubwa kabla na mwanzoni mwa mimba huharibu ubongo, na hilo halina shaka. Upungufu mdogo una madhara ambayo bado yanabishaniwa, na wanaotangaza kwamba chumvi ya pakiti huongeza alama darasani wanavuka mipaka ya ushahidi. Jaribio la India na Thailand halivunji hoja ya matriksi, kwa sababu wajawazito hao walianza vidonge mimba ikiwa imekwisha kushika.

Gharama upande huu na upande ule

Iodini nyingi nayo ina madhara. Mwaka 1996 madaktari waliripoti kutoka Kivu watu waliopata mbio za moyo, kukonda na kutetemeka baada ya chumvi yenye iodini kuingia sokoni. Tezi zao, zilizozoea njaa ya miaka, zilipokea neema ghafla na kutoa homoni kupita kiasi. Wengi waliodhurika hivyo huwa watu wazima wenye rovu la zamani. Uganda ya 1999, ikiwa na mkojo wenye iodini inayozidi kipimo cha kutosha, ilikuwa karibu na hatari hiyo. Kwa hiyo kuongeza dozi si jibu. Jibu ni usawa: pakiti moja isiwe na nyingi na nyingine isiwe na kitu.

Hata tiba ya upande mmoja inaweza kudhuru. Kaskazini mwa Zaire (Kongo ya leo), mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wenye upungufu wa iodini na wa seleni walipewa seleni peke yake, na tezi za baadhi yao zikazidi kudhoofika. Anayetaka kuuza virutubisho mbalimbali kwa wajawazito wa Bwera alisome tukio hilo kwanza.

Na Katwe? Kuipiga marufuku chumvi yake katika chakula ni rahisi kwenye karatasi. Gharama huwaangukia wenye vidimbwi, na chumvi yenyewe haitoweki. Hupita njia za panya hadi sokoni, bila iodini na bila mtu wa kuipima. Kuiacha ilivyo ni kumwachia mama maskini achague gunia la bei nafuu bila kujua anachokosa mtoto ambaye bado hajampata. Njia ya kati ina gharama lakini inawezekana: vituo vichache vya ushirika vya kunyunyizia na kufungasha kwenye barabara zinazotoka ziwani, vyenye vifaa vya kupimia, huku chumvi ya mifugo ikitengwa na kupakwa rangi tofauti. Hapo lango ambalo kiwanda kilishindwa kuwa litapatikana kwa watu wanaolijua ziwa.

Jambo la mwisho ni nani anapimwa. Kwa miaka yote hii Uganda, kama nchi nyingine, imepima watoto wa shule kwa sababu wanapatikana pamoja. Lakini mtoto wa darasa la nne alikwisha kupita dirisha lake. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku, mtu mzima wa kawaida 150. Watoto wanaweza kuonekana wametosheka na mama zao wakawa na upungufu. Vituo vya afya vya Bugoye na hospitali ya Bwera huwaona wajawazito wengi mimba ikiwa imekwisha kusonga, na kwa uhamaji wa seli za gamba hiyo ni kuchelewa. Wanaopaswa kuulizwa wanakula chumvi gani ni wasichana wa sekondari na wanawake walioolewa karibuni. Na pale kwenye vijiji vya juu ambako chumvi yenye iodini haifiki, Shirika la Afya Duniani linaruhusu dozi moja kwa mwaka ya miligramu 400 ya mafuta yenye iodini kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Dozi hiyo inampata mama kabla ya mimba, na inaweza kutolewa sasa hivi wakati mjadala wa Katwe ukiendelea.